Pete ndani ya damu: Homa ya kupe inayojifanya malaria

Mfugaji akiona ng'ombe wake anatoa mkojo wa rangi ya kahawa nzito, haendi mbali kutafuta sababu. Anainua mkia, anapapasa kiwele, anafunua masikio. Kupe wapo, wamenona. Hapo anajua kuwa ni ugonjwa wa kukojoa damu, na kwamba sindano ikichelewa itabaki ngozi.

Mwaka 1957, karibu na mji wa Zagreb katika iliyokuwa Yugoslavia, aliyekojoa damu hakuwa ng'ombe. Alikuwa mchungaji mwenyewe, mwanamume ambaye miaka ya nyuma alitolewa bandama baada ya kuumia. Homa ilimpanda, damu ikampungua, mkojo ukageuka rangi, na hazikupita siku nyingi akafariki. Madaktari walipoiweka damu yake chini ya hadubini waliona vimelea vimejibanza ndani ya chembe nyekundu. Madaktari wa mifugo walikuwa wakivijua vimelea vya namna hiyo kwa karibu miaka 70.

Huyo ndiye binadamu wa kwanza aliyeandikwa katika kumbukumbu za tiba kuwa ameugua babesia, ugonjwa wa vimelea hivyo. Wengi walimhesabu kama bahati mbaya ya mtu mmoja. Bandama ndiyo chujio la damu, na mtu asiyekuwa nayo huweza kushindwa hata na kijidudu kisicho na kazi na binadamu. Mwenye bandama yake, walidhani, hana cha kuogopa.

Dhana hiyo ilidumu miaka 12 tu.

Kulungu aliyevuka bahari

Nantucket ni kisiwa kidogo cha mchanga kwenye pwani ya jimbo la Massachusetts, Marekani. Zamani kiliishi kwa kuvua nyangumi, siku hizi kinaishi kwa wageni wa majira ya joto. Mwaka 1969 mwanamke mmoja aliyekuwa akipumzika huko aliugua homa isiyoeleweka. Vimelea vilionekana ndani ya damu yake, na bandama yake ilikuwa nzima. Katika miaka ya 1970 wagonjwa wengine walifuata, mmoja baada ya mwingine, hadi watu wakaupa ugonjwa jina la kisiwa: homa ya Nantucket.

Andrew Spielman wa Chuo Kikuu cha Harvard, mtaalamu aliyejulikana zaidi kwa elimu ya mbu, alikwenda kutafuta chanzo. Alichokikuta kilianza na mnyama ambaye wenyeji walimpenda sana.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Nantucket haikuwa na kulungu. Mwaka 1922 wavuvi walimkuta dume mmoja akiogelea baharini, wakamwonea huruma, wakampakia na kumfikisha kisiwani. Aliishi peke yake, na wakazi wakamzoea kama mtu wa kwao. Mwaka 1926 aliletewa majike wawili kutoka Michigan. Kutokana na wema huo kulungu walizaana wakajaa vichakani. Mashamba ya zamani ya kondoo nayo yalikuwa yameachwa na kugeuka vichaka, makazi yanayowafaa kulungu na kupe pia.

Kulungu hakibebi kimelea hiki. Lawama anayostahili ni ya kumlisha kupe. Kupe jike mkubwa hunywa damu ya kulungu akavimba, akadondoka, na kutaga mayai yapatayo 2,000. Watoto wanaototolewa huwa safi, hawana babesia. Wanaipata wanapouma mnyama wao wa kwanza, na mara nyingi huyo ni panya mwenye miguu myeupe, ambaye hubeba *Babesia microti* damuni bila kuonekana kuumwa. Mwaka unaofuata kupe huyo amekuwa tunutu na anatafuta mlo wa pili. Akipita binadamu, atampanda.

Tunutu ana ukubwa wa punje ya ufuta, tena ile ndogo. Kuuma kwake hakuwashi wala hakuumi. Hukaa mwilini siku mbili tatu, nyuma ya goti au kwenye kinena, na kwa kawaida huhitaji zaidi ya siku nzima akiwa amejishikiza ndipo aweze kumwambukiza mtu. Wagonjwa wengi hawakumbuki kuumwa na kupe hata mmoja.

> Tunutu ana ukubwa wa punje ya ufuta. Wagonjwa wengi hawakumbuki kuumwa na kupe hata mmoja.

Darasa la malaria

Wiki moja hadi nne baada ya kuumwa na kupe ndipo homa huanza: baridi ya kutetemesha, jasho la usiku, viungo kuuma, uchovu wa kushindwa hata kufunga kamba za viatu. Chembe nyekundu hupasuka na damu hupungua. Mtu yeyote aliyekulia ukanda wetu akisikia orodha hiyo atasema neno moja tu, na mtaalamu wa maabara atakayetazama kioo anaweza kulirudia neno hilo hilo.

Ndani ya chembe nyekundu babesia hujichora kama pete ndogo. Malaria nayo, hasa ile kali ya *falciparum*, hujichora kama pete ndogo. Tofauti zipo, ila zinahitaji jicho lililofundishwa. Malaria huacha chembechembe za rangi ya kahawia kutokana na damu iliyokula, na babesia haiachi. Mara chache vimelea vya babesia hukaa vinne vinne vikiungana katikati mfano wa msalaba. Fundi akiuona msalaba huo jambo limekwisha, lakini anaweza kumaliza kioo kizima asiuone.

Kuna kisa kilichoandikwa mwaka 1982 ambacho kila mwanafunzi wa tiba wa kwetu angepaswa kusimuliwa. Mtoto mchanga wa wiki nane huko Marekani alikuwa ameongezewa damu. Akapata homa, na katika damu yake zikaonekana pete. Madaktari walidhani ni malaria wakampa klorokwini, na homa haikushuka. Wakampa kwinini pamoja na klindamaisini, mtoto akapona. Baadaye ndipo ilipothibitika kwamba ilikuwa babesia tangu mwanzo, imepita kwenye damu ya msaada. Tiba ya kwanza ya kuaminika ya ugonjwa huu, basi, ilipatikana kwa kukosea jina lake.

Mwaka 2000 utafiti ulionyesha kwamba atovakwoni pamoja na azithromaisini hufanya kazi sawa na dawa zile mbili, kwa madhara machache zaidi. Ndiyo tiba inayotangulia sasa, kwa siku saba hadi kumi. Mwenye kinga dhaifu huweza kuhitaji wiki sita au zaidi. Vimelea vikizidi mno, hospitali humbadilishia mgonjwa damu: hutoa yake, huingiza nyingine.

Watu wazima wengi wenye afya hupita salama, baadhi bila hata kujua walikuwa nayo. Wanaoumia ni wazee, wenye saratani, wanaoishi na virusi vya UKIMWI ambavyo havijadhibitiwa, na wasio na bandama inayofanya kazi. Katika kundi hilo la mwisho wamo wagonjwa wa selimundu, kwa kuwa ugonjwa wao huiua bandama polepole tangu utotoni. Tanzania peke yake inakadiriwa kupata watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Ni hao hao wanaoongezewa damu mara kwa mara.

Namba zinazopanda kaskazini

Marekani ilianza kuhesabu wagonjwa wa babesia kitaifa mwaka 2011. Hadi mwisho wa 2019 majimbo yaliyokuwa yakitoa taarifa yalikuwa yameandikisha 16,456. New York iliongoza kwa wagonjwa 4,738. Lakini wasiwasi uko juu zaidi kwenye ramani. Maine, jimbo la baridi kali kule kaskazini mashariki, lilikuwa na wagonjwa tisa mwaka 2011. Mwaka 2019 lilikuwa na 138. Vermont ilitoka wawili ikafika 34. Taarifa hizo zilipotolewa mwaka 2023, Maine, Vermont na New Hampshire ziliongezwa katika orodha ya majimbo ambayo ugonjwa umeota mizizi.

Majira ya baridi yamepungua makali, kwa hiyo kupe wengi zaidi wanafika msimu wa pili. Misitu iliyokatwa zamani kwa kilimo imerudi, na kulungu wamerudi nayo. Nyumba mpya zinajengwa pembezoni mwa msitu huo huo, bustani ikigusana na kichaka. Madaktari nao wanautafuta ugonjwa kuliko zamani, na hilo peke yake huongeza hesabu. Ila halitoshi kueleza tisa kuwa 138.

Ulaya kuna ndugu wa kimelea hiki, *Babesia divergens*, wa ng'ombe. Ni nadra kwa watu, na humshika zaidi asiye na bandama. Uingereza ilitangaza mgonjwa mmoja Julai 2020. Uchina, katika mkoa wa Heilongjiang, ilipata makumi ya wagonjwa wa aina nyingine tena.

Chupa ya damu

Kimelea kinachoishi ndani ya chembe nyekundu hakihitaji kupe ili kusafiri. Mchangiaji damu anaweza kujiona mzima kabisa, akanyoosha mkono, akaondoka na soda yake. Babesia huvumilia ubaridi wa jokofu la benki ya damu kwa wiki kadhaa, na anayepewa chupa hiyo ni mgonjwa ambaye tayari yuko taabani. Kati ya 1979 na 2009 Marekani ilihesabu maambukizi zaidi ya 150 ya njia hii.

Ubishi wa kama damu yote ipimwe ulikuwa mkali na wa haki kwa pande zote mbili. Upande mmoja ulisema kipimo ni ghali, ugonjwa uko kwenye majimbo machache, na fedha za kupima kila chupa nchini zingeokoa maisha mengi zaidi zikitumika kwingine. Upande mwingine ulijibu kwamba watu husafiri na damu husafiri. Mtu hupanda feri kwenda Nantucket Julai, akarudi kwao kusini, akachangia damu Agosti.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliupa ubishi huo uzito. Kati ya chupa 89,153 zilizopimwa katika majimbo manne, 335 zilikuwa na dalili za maambukizi ya sasa au ya zamani. Mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha vipimo vya kwanza vya wachangiaji, na Mei 2019 ikaelekeza vitumike katika majimbo 14 pamoja na jiji la Washington. Ni mapatano ya katikati. Mimi nayaona ya busara kwa nchi yenye takwimu, maana mpaka huo uliwezekana kuchorwa kwa sababu kuna mtu aliyekaa akahesabu.

> Mpaka uliwezekana kuchorwa kwa sababu kuna mtu aliyekaa akahesabu.

Nani auawe?

Huko visiwani ugomvi mkubwa zaidi unahusu kulungu. Katika miaka ya 1980 watafiti waliwaondoa karibu kulungu wote kwenye Great Island, huko Cape Cod, na kupe wachanga wakapungua sana. Kati ya 1996 na 1999 kisiwa cha Monhegan, Maine, kiliwamaliza kulungu wake wote, na baada ya miaka michache kupe wakawa adimu.

Jibu linaonekana wazi hadi umwulize mwenye nyumba. Wapo wanaosema kisiwa bila kulungu si kisiwa chao. Wapo wanaoogopa risasi karibu na bustani. Wawindaji wanataka msimu mrefu, lakini hawataki kulungu waishe, kwa maana wataishiwa na uwindaji. Na bara, ambako hakuna bahari ya kumzuia, kulungu anayeuawa leo nafasi yake itachukuliwa na wa jirani kesho.

Wengine wamejaribu njia za pembeni. Shelter Island, New York, iliwahi kuweka vihori vya mahindi vyenye rola zilizolowekwa dawa ya permethrini: kulungu akiinama kula, shingo na masikio yake yanapakwa dawa. Mfugaji wa Monduli angelielewa jambo hilo bila kuelezwa. Ni josho, isipokuwa mifugo ni ya porini.

Kuna pia Kevin Esvelt wa chuo cha MIT, ambaye mwaka 2016 alipeleka kwa wakazi wa Nantucket na Martha's Vineyard pendekezo la kumbadili panya mwenyewe, azaliwe na kinga ya ugonjwa wa Lyme na airithishe kwa watoto wake. Lyme huenezwa na kupe huyu huyu, na ndiyo inayopata fedha na sauti. Babesia hufuata nyuma kama mdogo mtu.

Na kwetu?

Ugonjwa wa kukojoa damu upo Afrika Mashariki miaka yote. Bwana mifugo yeyote atakutajia bila kusita magonjwa makubwa ya kupe: ndigana kali, ndigana baridi, kukojoa damu, maji moyo. Mnamo 1888 Victor Babes, Mromania, aliona vimelea ndani ya damu ya ng'ombe. Mwaka 1893 Theobald Smith na daktari wa mifugo Frederick Kilborne walithibitisha huko Marekani kwamba kupe ndiye mwenezaji wa homa iliyokuwa ikiangamiza ng'ombe wa Texas. Hiyo ilikuwa miaka minne kabla Ronald Ross hajaiona malaria ndani ya mbu. Elimu ya wadudu kueneza magonjwa ya damu ilianzia zizini, na nasikitika kila ninapoona jinsi hospitali zetu zilivyo mbali na zizi.

Je, watu wetu wanaugua babesia? Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti mdogo wa majaribio kutoka Kilosa, Morogoro. Watafiti walipima damu ya watoto wakitafuta kingamwili dhidi ya *Babesia microti*, na katika baadhi yao wakaziona.

Hapo wataalamu wanagawanyika. Kingamwili ni alama ya nyayo, haimwonyeshi mnyama mwenyewe. Zaidi ya hapo, malaria na babesia ni jamaa wa karibu, na mwili uliopambana na malaria mara kumi unaweza kutoa kingamwili zinazokidanganya kipimo. Anayesema babesia ya binadamu haijathibitika Kilosa ana hoja. Anayemjibu kwamba kitu kisichotafutwa hakionekani naye ana hoja, na mimi naegemea kwake kwa sababu ya kile kilichotokea Moshi.

Kati ya 2007 na 2008 watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa na homa katika hospitali mbili za Moshi, KCMC na Mawenzi. Madaktari waliandika malaria kwa 528 kati yao. Vipimo makini vilipokamilika, wenye malaria kweli walikuwa 14. Waliobaki walikuwa na mambo mengine kabisa, yakiwemo magonjwa yatokayo kwa wanyama, na mojawapo ni homa ya madoadoa, inayoenezwa na kupe.

> Malaria iliandikwa kwa wagonjwa 528. Wenye malaria kweli walikuwa 14.

Tangu wakati huo kipimo cha haraka, mRDT, kimeenea hadi zahanati za vijijini, na ni baraka kubwa. Watoto wengi wako hai kwa ajili yake. Lakini kipimo hicho kinatafuta protini za vimelea vya malaria tu, hivyo babesia inaweza kupita mbele yake bila kuonekana. Hadubini, ambayo ingeweza walau kumshtua fundi kwa pete zisizo za kawaida, inazidi kuwekwa kando. Mgonjwa anaambiwa "huna malaria", anapewa vidonge vya maumivu na pengine antibayotiki ya kubahatisha, anarudi nyumbani. Hakuna anayemwuliza kama anafuga, analala wapi, au kama alikwenda machungani wiki iliyopita.

Ninakotoka homa ilikuwa na jina moja. Niliugua mara nyingi utotoni, na katika zahanati niliyopelekwa sikumbuki hata siku moja kuchomwa kidole. Niliandikiwa dawa ya malaria kwa kutazamwa usoni. Siwezi kujua nilikuwa nikiumwa nini, na wala sidai ilikuwa babesia.

Portland, Maine

Majira ya joto ya mwaka 2019 ukumbi wa michezo wa Portland Expo, katika jimbo la Maine, uligeuzwa makazi ya muda ya mamia ya waomba hifadhi, wengi wao kutoka Kongo na Angola. Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha za mahali pale, pamoja na Kilingala, Kireno na Kifaransa. Ni mwaka ule ule ambao Maine iliandikisha wagonjwa 138 wa babesia.

Wengi wa waliofika wakati ule na baadaye wamekaa. Wanafanya kazi, watoto wanacheza kwenye nyasi nyuma ya nyumba, wazazi wanalima vijibustani vya mchicha na maharage kando ya msitu. Mmoja wao akiingia hospitali na homa, daktari humwuliza kwanza ametoka nchi gani. Jibu likiwa Kongo, pete zikionekana ndani ya damu, malaria itatajwa, na ni sahihi itajwe, maana inaweza kuwa malaria iliyolala tangu safari. Ila mtu aliyekaa Maine miaka mitatu bila kutoka ana haki ya kuulizwa swali la pili, nalo linahusu nyasi za nyuma ya nyumba.

Mwenye selimundu, au aliyetolewa bandama, asisubiri kuulizwa. Aseme mwenyewe: naishi penye kupe, nipimeni babesia. Kupe anayeonekana ashikwe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, avutwe taratibu moja kwa moja hadi atoke, na mahali pake pasafishwe kwa spiriti. Kumpaka mafuta au kumchoma kwa kiberiti hakusaidii kitu.

Na kila jioni ya kiangazi, watoto wakitoka nje, wakaguliwe vile ndama hukaguliwa zizini: masikioni, kwapani, kinenani, nyuma ya magoti, kwa vidole na kwa macho, kabla hawajaenda kulala.